Mrejesho: farasi wangu na mapigo ya moyo

Asalaam alaykum ndugu zangu, asanteni mlionijibu. Niliuliza kwa nini mapigo ya moyo ya farasi wangu yanachelewa kushuka hadi 64 kwa dakika, kiwango kinachotakiwa kwenye ukaguzi wa daktari, mpaka akatolewa kwenye mashindano ya mbio za masafa marefu hapa Oman. Juzi tumerudi tena: kilomita 80, mizunguko mitatu.

Kilichosaidia hasa ni ule ushauri wa kushuka mgongoni mwake kilomita moja kabla ya kituo cha ukaguzi, kulegeza mkanda wa tandiko na kutembea naye. Na maji. Zamani nilimmwagia nikayaacha hapo hapo; safari hii tulimwaga shingoni na kifuani, tukayakwangua yalipopata moto, tukamwaga tena. Dakika ya nne baada ya kufika, mapigo 58!

Chumvi ya kumnywesha kwa bomba la sindano, yote aliitemea kanzu ya ndugu yangu. Hiyo sijaiweza.

Mzunguko wa mwisho nikajisahau, nikamwachia shoti kwenye changarawe. Mapigo yalishuka vizuri, lakini alipokimbizwa mbele ya daktari ili akaguliwe miguu, akachechemea mguu wa mbele, wa kushoto. Tukatolewa tena. Kosa langu, si lake. Nimempumzisha, uvimbe wa mguu umeisha, na anakula kama kawaida.