Tupeane uzoefu: kuingia ualimu Marekani kupitia mwalimu mlezi

Mama Tatu, Boston
Wadau, shikamooni wakubwa. Uzi huu ni wa tulioingia kwenye ualimu wa shule za serikali mijini huku Marekani, wanaotaka kuingia, na walioishia njiani. Walimu 8 hivi kati ya 10 nchini ni Wazungu, ilhali zaidi ya nusu ya wanafunzi si Wazungu. Ndiyo maana miji kadhaa ina programu za kukuweka mwaka mzima wa masomo chini ya mwalimu mzoefu, kama daktari mwanafunzi wodini. Chicago walianza 2001, Boston 2003. Unapewa posho, unasoma chuo humo humo, na unaahidi kufundisha katika shule za jiji kwa miaka kadhaa.

Naanza mimi. Nilikuwa msaidizi wa darasa. Njia ya kawaida ilitaka nifanye mazoezi ya kufundisha muhula mzima bila mshahara. Kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba na kutuma hela nyumbani, safari inaishia hapo. Wanaouliza kwa nini walimu weusi ni wachache waanzie kwenye hilo.

Nikapita njia hii ya mwalimu mlezi. Mlezi wangu alikuwa mama Mmarekani mweusi, darasa la 5. Mwanzoni nilikaa na vikundi vidogo, baada ya likizo ya Desemba vipindi vya hesabu vikawa vyangu, yeye yuko kwenye kiti nyuma. Watoto wakishatoka tunavimwaga mezani vikaratasi walivyojibia swali la mwisho la kipindi, tunavipanga mafungu matatu: walioelewa, waliokaribia, walioachwa. Tulikaa zaidi na fungu la tatu. Mtoto ameandika 3/4 + 1/4 = 4/8. Mama yule haulizi amekosea wapi, anauliza, "Unadhani aliwaza nini?" Kipindi cha kesho kinatoka kwenye jibu hilo. Hakuna mhadhara wa chuo ulionifundisha kusoma kichwa cha mtoto namna ile.

Ndiye pia aliyenieleza kwamba baada ya hukumu ya Brown ya 1954, ambapo Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza kutenganisha shule za weusi na za Wazungu, shule za weusi zilipofungwa kule kusini, walimu weusi kwa maelfu waliachishwa kazi, watoto wakahamishiwa shule ambazo hazikuwataka walimu wao. Tangu siku hiyo sikubali mtu aniambie watu weusi hawapendi kufundisha.

Mwalimu wa Bukavu
Asante mama. Mimi nilifundisha fizikia nyumbani kabla ya kuja. Vyeti vilipopelekwa kutathminiwa, nikaambiwa masomo kadhaa hayatoshi, nirudi chuo. Nikabeba boksi usiku, mchana nasoma. Mlezi wangu alikuwa Mzungu, kijana kuliko mimi, na aliniheshimu sana. Fizikia aliniachia. Yeye alinifundisha mambo ambayo hayapo kwenye vitabu: mzazi anaitwaje kwenye mkutano, mpango wa mtoto mwenye mahitaji maalumu unasomwaje, na cha kufanya mtoto akikujibu mbele ya wenzake. Kwetu mtoto angesimama nje. Huku unamsogelea, unaongea chini, mengine mnamaliza mkibaki wawili.

Kaka Juma
Wanaume weusi hawafiki 2 kati ya walimu 100 nchi hii. Matokeo yake shuleni kwangu kila mvulana mweusi aliyekorofisha aliletwa kwangu, hata nikiwa katikati ya kipindi. Mlezi wangu ndiye aliyekwenda kwa mkuu wa shule kusema, "Huyu yuko hapa kujifunza kufundisha, si kuwa askari." Peke yangu nisingethubutu. Mwenye mdogo wake wa kiume Carolina Kusini amwambie kuhusu Call Me MiSTER, programu ya Chuo Kikuu cha Clemson, ipo zaidi ya miaka 20. Inawaandaa vijana kama sisi kwa shule za msingi, na wanasoma kwa kundi, hakuna aliye mpweke.

Dada Neema
Mimi niliacha, semeni na hili. Mlezi niliyepewa hakuomba kazi hiyo wala hakupunguziwa vipindi. Aliponiona akaona mapumziko yake yamefika. Nikaachiwa darasa mapema, sikuwahi kukaa naye kujadili kipindi hata kimoja. Wenye programu wanajisifu kwa idadi ya watu wanaoandikisha, wangetaja na wanaobaki.

Binti Mwanga
Poleni na hongereni. Nina usaili hivi karibuni. Niulize nini?

Mama Tatu, Boston
Neema mdogo wangu, pole sana, nimeumia kusoma. Binti, uliza haya: mlezi anachaguliwaje, na analipwa kwa kazi hiyo? Mna saa gani ya kukaa wawili kila wiki, imo kwenye ratiba? Posho inaanza mwezi gani, na bima ya afya ipo? Ukiondoka kabla ya miaka uliyoahidi, unarudisha hela kiasi gani? Kisha omba kuongea na aliyemaliza mwaka jana, bila msimamizi kuwepo.