Zahanati ya kijiji kwa michango: tuanzie wapi ili boma lisikwame kwenye lenta?

Mwanakijiji_Kilosa:
Habari za leo wakuu. Mkutano mkuu wa kijiji umepitisha tujenge zahanati. Michango taslimu imefika milioni 9, mawe na mchanga tunasomba wenyewe, na kuna mzee ametoa ekari moja. Mafundi wanatuambia tuchimbe msingi sasa hivi kabla ya masika, eti boma (kuta ambazo hazijaezekwa) likishasimama serikali italazimika kumalizia. Huo ndio utaratibu? Na fedha za kupaua tukaombe wapi?

Mipango_Kata:
Ndugu, msichimbe kwanza. Hakuna anayelazimika kumalizia boma ambalo halimo kwenye mpango. Ni kweli miaka ya karibuni serikali kuu imekuwa ikitoa shilingi milioni 50 kukamilisha boma moja la zahanati, lakini majina ya maboma hayo yanatoka halmashauri. Lisiloandikwa huko halipo, hata kama linaonekana kutoka barabarani.

Muhtasari wa mkutano mkuu, pamoja na orodha ya mahudhurio yenye sahihi, uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwa Mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Mwombeni Mganga Mkuu wa Wilaya na mhandisi waje kuliona eneo, na mhandisi awape ramani ya zahanati inayotumika serikalini. Ramani ya kuchorewa na fundi ndiyo inayoleta vyumba vidogo na milango ambayo machela haipiti, halafu mnaambiwa mbomoe. Angalieni na kalenda: mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na madiwani wanapitisha bajeti miezi ya mwanzo ya mwaka wa kawaida. Karatasi zenu ziwe zimefika halmashauri kabla ya Desemba, la sivyo mnasubiri mwaka mwingine.

Kuhusu ekari ya mzee, tunamshukuru sana, lakini aandike. Asaini yeye, mkewe na watoto wakubwa, mbele ya halmashauri ya kijiji, na mipaka ipandwe miti au mawe. Warithi wakija kudai eneo, kila mfadhili anafunga mkoba. Pimeni pia kama ekari moja inatosha: jengo, nyumba ya mtumishi, vyoo, kichomea taka, shimo la kondo la nyuma, na nafasi ya wodi huko mbele. Kama udongo ni mfinyanzi mweusi wa mbugani, tafuteni eneo lingine. Unavimba masika na kupasuka kiangazi, na kuta zinapasuka nao.

Fundi_Saruji:
Naongezea upande wa vifaa, maana hapa ndipo michango inapoyeyuka.

Tofali la inchi 6 (urefu inchi 18, kimo inchi 9) linaingia 10 kwa kila mita ya mraba ya ukuta. Kwa hiyo ukuta wa mita 10 wenye kimo cha mita 3 unakula 300. Ongeza 15 ya kuvunjika. Mfuko wa saruji wa kilo 50 utoe matofali 25 hadi 30. Ukiona fundi anatoa 45, hayo yatamomonyoka mvua ya kwanza, na ya kwenu yatanyeshewa kweli kwa sababu bati bado. Yamwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7, yakiwa kivulini au yamefunikwa majani.

Zege la lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) ni 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne; mifuko ya saruji kama 6 na nusu kwa mita moja ya ujazo. Nondo nne za mm 12, ringi (vyuma vya kuzizungushia) kila sentimita 20, na nondo zinapoungana zipishane nusu mita. Watu wanabana hapo kwenye kupishana ili kuokoa nondo, na ufa unaanzia hapohapo.

Andiko_Safi:
Fedha sasa. Kwa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri msipoteze muda: ni mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, si ya majengo. Mfuko wa Jimbo, yaani fedha ya kuchochea maendeleo ya jimbo iliyoanzishwa kwa sheria ya 2009, unafaa. Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Fedha yake inagawanywa kwa kata nyingi, hivyo ombeni kitu kimoja kinachohesabika, mfano mabati na mbao za kenchi (fremu za paa). Ombi la "kusaidiwa ujenzi" kwa ujumla huambulia mifuko michache ya saruji.

Ubalozi wa Japani una msaada wa miradi midogo ya jamii. Haulipi mishahara wala gharama za uendeshaji, na unataka ankara za bei kutoka kwa wauzaji watatu. Kila mfadhili atauliza nani ataleta mganga na dawa, kwa hiyo barua ya Mkurugenzi ya kukubali kuleta watumishi iwe kiambatisho cha kwanza.

Nguvu zenu ziingie kwenye makisio kama fedha. Fungueni daftari: jina, tarehe, kazi, sahihi. Watu 40 wakichimba siku 3 ni siku-kazi 120. Zidisha kwa ujira wa kibarua wa hapo kijijini. Mchanga na mawe kwa bei ya gari. Bila daftari hilo mchango wa jamii unasomeka sifuri.

Na kamati ziwe tatu: ujenzi, manunuzi, mapokezi. Aliyenunua saruji asiwe ndiye anayeipokea stoo.

Mwanakijiji_Kilosa:
Nashukuru sana wakuu. Tukishapata ramani na kibali, milioni 9 ikiishia kwenye msingi tuuache hivyo hivyo?

Fundi_Saruji:
Usiuache wazi, mkuu. Jaza kifusi kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji na kushindiliwa, kisha mwaga jamvi (zege la sakafu). Nondo za nguzo zinazobaki juu zipake uji mzito wa saruji ili zisishike kutu. Fedha ikibaki, fyatueni matofali muyapange na kuyafunika. Kuta msipandishe mpaka fedha ya kufika lenta iwe benki yote.