Mbwa wangu ameandikiwa antibiotiki ya tatu: je, nikubali?

Mfugaji_Ntinda:
Ndugu zangu, salaam. Mbwa wangu, Alsatian wa miaka minne, anajikuna tangu mwezi wa pili. Tumboni na mapajani ametoka vipele vya usaha ambavyo vikipasuka huacha vigaga vya mviringo, na manyoya hunyonyoka pale pale. Nilianza kwa kumnunulia amoksilini katika duka la dawa za binadamu, vidonge vilivyofungwa kwenye kibahasha kisicho na jina, na siku ya nne nikaacha kwa kuona amepata nafuu. Vipele vilirudi. Daktari niliyempigia simu akaniandikia dawa ya pili bila kumwona mbwa. Akapona wiki tatu, kisha vikarudi vingi zaidi. Sasa ananishauri antibiotiki ya tatu, enrofloksasini. Nina mtoto wa miaka miwili anayelala amemkumbatia mbwa huyu, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Tabibu_wa_Mifugo_Mbarara:
Pole sana, ndugu yangu. Usimpe kwanza. Vipele vya namna hiyo kwa mbwa mara nyingi husababishwa na bakteria aitwaye Staphylococcus pseudintermedius, ambaye huishi kwenye ngozi ya mbwa hata akiwa mzima. Wengi wao hutoa kimeng'enya, yaani kemikali yao wenyewe, kinachoivunja amoksilini, kwa hiyo vidonge vile vya kwanza huenda viliwaua wanyonge tu na kuwaachia uwanja walio sugu. Tena enrofloksasini ni jamaa wa karibu wa siprofloksasini tunayotumia sisi binadamu, na inapaswa kuwa akiba, itolewe pale kipimo kinapoonyesha kwamba inahitajika.

Swali lililo kubwa kuliko jina la dawa ni kwa nini anajikuna. Kama chanzo ni viroboto, utitiri au mzio, na chanzo hicho kikaachwa, vipele vitarudi hata ukitumia dawa ya bei gani. Mpeleke aonekane. Daktari agandamize kioo juu ya usaha, akipake rangi na kukitazama kwa hadubini, kazi ya dakika chache. Kwa kuwa dawa mbili zimeshindwa, achukue pia usaha kwa pamba safi upelekwe maabara, bakteria waoteshwe na ijulikane ni dawa ipi inayowaua. Chuo cha tiba ya mifugo cha Makerere hakiko mbali nawe, kaulize huko. Kwa sasa muogeshe kwa shampuu yenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu vya ngozi, mara mbili au tatu kwa wiki, povu likae dakika kumi kabla ya kusuuza.

Kuhusu mtoto: wasilale pamoja mpaka vidonda vikauke, na mikono ioshwe kwa sabuni kila anapomgusa.

MamaPaka_Jinja:
Naongeza moja tu. Ikiwa una paka, usije ukamgawia enrofloksasini hiyo, kwa maana dozi ikizidi inaweza kumpofusha.

Mfugaji_Ntinda:
Asanteni sana. Jana nimempeleka. Bakteria walionekana kwenye kioo, na daktari alipopitisha kitana mgongoni zilidondoka chembe nyeusi ambazo, zilipowekwa kwenye karatasi yenye maji, ziliacha madoa mekundu: kinyesi cha viroboto. Amepewa dawa ya viroboto, na usaha umepelekwa maabara. Hapewi antibiotiki yoyote mpaka majibu yatoke.