Kikundi cha ukoo: tumbo likikutana tena na mafuta

Neema: Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza. Mtu ameishi miezi kadhaa kwa mboga, nafaka na mafuta kidogo sana, halafu siku moja anakula nyama iliyonona, viazi vya kukaanga na krimu juu. Usiku kucha kiungulia na kichefuchefu, asubuhi anaharisha. Ndiyo kusema mwili umesahau kusaga mafuta?

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Haujasahau. Mafuta yakiadimika kwenye chakula, kongosho hupunguza lipasi, yaani kimeng'enya cha kuvunja mafuta, na yakirudi huiongeza tena. Ila kongosho zima lina akiba kubwa mno kuliko inayohitajika, kwa hiyo lawama zote tusilitupie. Kinachomtesa zaidi ni mwendo wa tumbo.

Baba Mdogo Hamisi: Hapo dada umegonga penyewe. Mafuta yakishuka mwanzoni mwa utumbo mwembamba, ukuta wake unamwaga homoni inayoitwa kolesistokinini. Homoni hiyo inaminya mfuko wa nyongo, inaliamsha kongosho, na inalizuia tumbo lisiendelee kushusha chakula. Mlo mwepesi kwa sehemu kubwa huwa umeshaondoka tumboni baada ya muda wa saa 2 au 3. Mlo ulionona unaweza kukaa saa 4, 5, au zaidi.

Mtu aliyezoea mafuta, breki hiyo humshika kidogo. Aliyekaa bila mafuta humshika barabara, ndiyo maana anajisikia amejaa hadi kooni ingawa sahani ilikuwa ya kawaida. Akila mafuta ya wastani kila siku, mwendo hujirekebisha ndani ya wiki 2 hivi.

Baraka: Na kiungulia, shangazi?

Shangazi Mwanaidi: Mafuta hulegeza msuli unaofunga njia kati ya umio na tumbo. Tumbo limejaa, mlango umelegea, asidi inapanda. Asilale kabla ya saa 3 kupita tangu amalize kula. Akilala, alalie ubavu wa kushoto, na upande wa kichwa wa kitanda uinuliwe sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka matofali chini ya miguu ya kitanda. Kurundika mito hakusaidii, kunamkunja kiuno na kulibana tumbo.

Neema: Kuharisha je?

Baba Mdogo Hamisi: Inategemea saa ngapi kumeanza. Akikimbilia choo dakika 20 au 30 baada ya kula, kinachotoka si chakula hicho. Ni cha jana. Mlo wa mafuta husisimua utumbo mpana ubane kwa nguvu na kusukuma kilichokuwamo. Akiharisha baada ya saa nyingi, hapo fikiria mafuta yaliyopita bila kunyonywa, pamoja na nyongo. Kwa kawaida karibu asilimia 95 ya chumvi za nyongo hunyonywa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini. Mlo mkubwa wa mafuta huita nyongo nyingi kwa mpigo, na zile chumvi zinazoponyoka zikifika utumbo mpana huufanya utoe maji.

Na usisahau krimu ina sukari ya maziwa. Hilo ni jambo jingine kabisa, nitalirudia.

Mama Zawadi: Mimi nataka vipimo. Mtu akitaka kurudi polepole, aanze na mafuta kiasi gani?

Baba Mdogo Hamisi: Shemeji, kwa mtu mzima asiye na ugonjwa: siku 3 za kwanza gramu 5 hadi 10 za mafuta kwa mlo. Tumbo likitulia, gramu 10 hadi 15 kwa siku 4 nyingine. Wiki ya pili apande hadi 20 kwa mlo na asimame hapo. Kwa anayekula kilokalori 2,000 kwa siku, asilimia 30 kutoka kwenye mafuta ni kama gramu 67 kwa siku nzima, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke asilimia hiyo. Tumbo likigoma, arudi hatua moja nyuma kwa siku 2. Asirudi sifuri.

Neema: Gramu 10 zinaonekanaje kwenye sahani?

Mama Zawadi: Mwanangu hapo nisaidie mimi. Kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia ni karibu gramu 5, kijiko cha chakula karibu 14. Yai moja, 5. Kikombe cha maziwa yasiyopunguzwa mafuta, mililita 250, ni 8 hadi 9. Karanga za kujaza kiganja, gramu 30, zina mafuta kama 14. Jibini gumu kipande cha gramu 30, mafuta 9 au 10. Kuku kidari bila ngozi gramu 100 ni 3 au 4, lakini paja na ngozi yake linafika 15. Kwa hiyo mayai 2 yaliyokaangwa kwa kijiko cha chakula cha mafuta tayari ni 24. Yachemshe, yanabaki 10.

Wengi huhesabu nyama na kusahau kikaango. Kikaango ndicho kinachowaangusha.

Shangazi Mwanaidi: Wifi umesema kweli. Na namna ya kuyagawa ina maana kuliko jumla. Gramu 40 zikigawanywa kwenye milo 4, tumbo halisemi kitu. Gramu 40 zikishuka jioni moja pamoja na kinywaji chenye gesi, zitamlaza macho.

Baraka: Nimesikia mtu akiacha nyama muda mrefu, vimeng'enya vya nyama vinakufa.

Baba Mdogo Hamisi: Si kweli, Baraka. Hakuna kimeng'enya cha nyama peke yake. Pepsini ya tumboni na tripsini ya kongosho huvunja protini yoyote, na aliyekula maharagwe na dengu miaka yote hiyo amekuwa akizitumia kila siku. Akila nyama akaumwa, tazama unono wake, ukubwa wa kipande, namna ilivyopikwa, na kama sahani ilibaki na mboga yoyote. Aanze na gramu 50 hadi 80 za nyama isiyo na mafuta au samaki, iliyochemshwa hadi ikalainika.

Vijidudu vya utumbo mpana ndivyo hubadilika haraka, ndani ya siku chache tu chakula kikibadilika sana. Gesi na harufu hubadilika navyo. Hilo halina hatari.

Neema: Na maziwa, uliahidi.

Baba Mdogo Hamisi: Ndiyo. Laktasi, kimeng'enya cha sukari ya maziwa, kwa watu wazima wengi duniani hushuka tangu utotoni kwa sababu ya urithi. Kuacha maziwa hakuishushi, na kuyanywa hakuipandishi. Kinachopotea ukiacha ni mazoea ya vijidudu vya utumbo mpana, ambavyo hujifunza kuichakata sukari hiyo bila kelele nyingi. Ndiyo maana aliyekuwa akinywa kikombe kila siku bila shida anaweza kurudi na kujaa gesi. Aanze na nusu kikombe pamoja na chakula, si tumbo likiwa tupu, aongeze baada ya siku 3 au 4. Wengi wenye laktasi ndogo huvumilia gramu 12 za laktosi, yaani hiyo sukari ya maziwa, kwa mara moja, ambazo ni kikombe kimoja. Mtindi ni mwepesi zaidi, jibini gumu lililokomaa lina laktosi kidogo sana, na siagi karibu haina.

Mama Zawadi: Kuna wanaokunywa maji ya moto baada ya mlo eti yayeyushe mafuta. Wengine bikaboneti ya soda.

Shangazi Mwanaidi: Maji ya moto hayadhuru, ila hayayeyushi chochote. Ndani ya mwili tayari kuna nyuzi 37, na kazi ya kuyachanganya mafuta na maji ni ya nyongo.

Bikaboneti naomba tuiache kabisa tumbo likiwa limejaa pomoni. Ikikutana na asidi hutoa gesi nyingi kwa ghafla. Ni nadra, lakini kuna watu waliopasuka tumbo namna hiyo. Kujitapisha pia hapana, asidi inaunguza umio. Atembee taratibu dakika 15 hadi 30, alegeze mkanda, anywe maji kwa mafunda madogo, na mlo unaofuata uwe mwepesi. Akiharisha, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko. Chumvi isizidi hapo.

Baraka: Dalili gani tusizichukulie kuwa ni mazoea tu?

Shangazi Mwanaidi: Swali zuri, someni wote hapa.

Maumivu makali chini ya mbavu za kulia au juu katikati ya tumbo, yanayoanza baada ya mlo wa mafuta na kwenda hadi bega la kulia au mgongoni: huo unaweza kuwa mfuko wa nyongo. Huja yakadumu nusu saa au saa kadhaa, yakaondoka. Hata yakiondoka, apimwe kwa altrasaundi. Yakipita saa 5, au yakiambatana na homa, kutetemeka, macho kuwa ya njano, mkojo kuwa kama chai nzito, aende hospitali muda huohuo. Maumivu ya juu ya tumbo yanayotoboa hadi mgongoni huku anatapika mfululizo yanaweza kuwa kongosho lililovimba. Hayo hayangojei asubuhi. Na kifua kinachobana, jasho jembamba, maumivu ya mkono au taya, msiite kiungulia.

Choo kilichopauka, chenye mafuta, kinachoelea na kunuka vibaya, siku moja baada ya mlo mzito si kitu. Kikijirudia wiki 2, daktari akione.

Sasa kwa nini aliyekuwa kwenye vyakula vyepesi yuko karibu zaidi na mawe ya nyongo? Mfuko wa nyongo haubanwi vya kutosha bila mafuta. Nyongo inatuama, inakuwa tope, tope linaganda. Anayepungua zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki hatari yake inapanda, kwa sababu ini nalo linamwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo. Kwa hiyo hata anayepunguza mwili, mlo mmoja kwa siku uwe na angalau gramu 10 za mafuta, mfuko upate kujimimina.

Neema: Na aliyekuwa hali kabisa, si kwamba alipunguza mafuta tu?

Shangazi Mwanaidi: Huyo ni mwingine kabisa. Aliyekaa zaidi ya siku 5 bila kula au akila kidogo mno asipewe mlo mkubwa wa aina yoyote. Insulini, homoni inayoingiza sukari ndani ya seli, ikipanda ghafla, madini ya fosfeti, potasiamu na magnesi yanakimbilia ndani ya seli na kupungua kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Huyo hurudishwa kwenye chakula chini ya usimamizi, damu ikipimwa, na vitamini B1 ikianza kabla ya chakula.

Baraka: Mizani nayo? Mlo mmoja mzito na asubuhi kilo 1.5 zimeongezeka.

Baba Mdogo Hamisi: Si mafuta hayo. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini ni kama kilokalori 7,700 za ziada, nani atazimaliza kwa sahani moja? Kila gramu ya wanga inayohifadhiwa kwenye ini na misuli hushika takriban gramu 3 za maji. Ongeza chumvi, ongeza chakula ambacho bado kiko njiani. Apime tena baada ya siku 3 au 4.

Ila aliyekuwa ameacha wanga kabisa ajue jambo hili: akirudia ghafla, sukari ya damu inaweza kupanda kuliko kawaida yake kwa siku chache. Akienda kupimwa kwa kunywa glukosi, siku 3 kabla ale angalau gramu 150 za wanga kila siku, la sivyo jibu litadanganya.

Mama Zawadi: Shemeji, na aliyetolewa mfuko wa nyongo?

Baba Mdogo Hamisi: Nyongo yake hudondoka muda wote badala ya kutoka kwa mpigo. Milo midogo 5 au 6 kwa siku, mafuta yagawanywe. Wengi hutulia ndani ya wiki chache hadi miezi kadhaa. Asiyetulia asivumilie kimya, kuna dawa ya kukamata chumvi za nyongo ambayo daktari anaweza kumwandikia. Na wanaotumia sindano za kupunguza uzito wawe waangalifu hivyohivyo, kwa sababu nyingi ya dawa hizo tayari zinachelewesha tumbo.

Mama Zawadi: Basi supu yake ipozwe, iwekwe kwenye friji usiku kucha. Asubuhi mafuta yatakuwa yameganda juu kama gamba jeupe. Pitisha ncha ya kisu ukingoni mwa sufuria, gamba linanyanyuka vipande vipande, chini inabaki supu iliyoganda kama jeli. Ukiwa na haraka, inamisha sufuria na uengue kwa kijiko kikubwa upande yalikojikusanya, ila hutayamaliza.

Baba Mdogo Hamisi: Sawa kabisa, shemeji. Ukishayaondoa yote, rudisha kijiko cha chai kimoja kwa kila bakuli. Vitamini A, D, E na K hazinyonywi vizuri bila mafuta.