Siku ya muuguzi na siku ya daktari: tuwaulizeje wagonjwa?

Fishi_Katindo
Jambo wote. Kituo chetu kiko Karisimbi, hapa Goma. Wagonjwa wa presha na sukari wanaonwa na muuguzi Jumatatu hadi Jumatano, Alhamisi anakuja daktari. Tunataka kujua ni wapi wanaridhika zaidi. Maswali ni 10, majibu toka «vibaya sana» hadi «vizuri sana», na mwanafunzi wa uuguzi anauliza mlangoni pa famasi. Karibu wote wanajibu «vizuri sana». Kosa liko wapi?

Yaya wa Ndosho
Kosa la kwanza ni blauzi, lile koti jeupe la kazi. Mtu ambaye angali ameshika ordonansi (karatasi ya dawa alizoandikiwa), dawa hajapewa, hatamwambia mwenye blauzi nyeupe kwamba alifokewa. Muulizeni nje ya geti akishapata dawa, na muulizaji awe mtu asiyefanya kazi pale. Reko wa mtaa (mhamasishaji wa afya wa kujitolea) naye hapana: wagonjwa wanajua anakaa meza moja na muuguzi mkuu (IT).

Halafu tazameni swali lenyewe. «Haukungoja sana?» Mtu wa hapa akijibu «ndiyo», anakubali kwamba hakungoja. Muulizaji anaandika kwamba alingoja. Kila swali lenye ukanusho litoke.

Hesabu_Himbi
Wagonjwa wenyewe si wale wale. Yule ambaye presha imekataa kushuka, muuguzi anamsukuma Alhamisi. Kwa hiyo daktari anapokea waliokwisha kuchoka. Chukueni wa kurudia tu, ugonjwa mmoja, dawa haijabadilishwa kwa miezi 3.

Idadi: kuona tofauti ya asilimia 70 na asilimia 85 kunahitaji karibu watu 120 kila upande. Kwa 30 mnabahatisha. Ulizeni kila wa tatu anayetoka, tangu asubuhi hadi kufunga, maana aliyefika mapema na aliyechelewa hawakai benchi sawasawa. Na kwenye karatasi andikeni nyakati nne: kufika, kupimwa presha, kuingia, kutoka. Bila hizo, foleni ya Alhamisi itamharibia daktari alama. Kama kuonwa na daktari kuna bei yake, swali la pesa likae peke yake.

Fishi_Katindo
Asante sana. Na tafiti za nje zinasemaje?

Kalamu_Birere
Mapitio ya 2018 ya Cochrane, mtandao unaojumlisha tafiti za afya, yalikusanya majaribio 18: muuguzi akishika kiti cha daktari katika huduma za msingi, kuridhika kunapanda kidogo, na anakaa na mgonjwa muda mrefu zaidi. Mapitio ya 2002 katika jarida la BMJ yalikuta dakika 3.67 za ziada. Ila mengi ya majaribio hayo ni ya nchi tajiri, ambako muuguzi ndiye mgeni kwenye kiti hicho. Kwetu mgeni ni daktari. Msitegemee majibu yafanane.

Badala ya «uliridhika?» ulizeni kilichofanyika. Alikutajia namba ya presha yako? Alikuuliza kama vidonge viliisha kabla ya tarehe? Kisha: «Toa dawa, nionyeshe utakavyokunywa.» Yule aliyesema «vizuri sana» huku anachanganya kidonge cha asubuhi na cha jioni, mtamwona hapo hapo.

Yaya wa Ndosho
Na la mwisho: «Jirani yako akiwa na sukari, utamwambia aje siku gani, na kwa nini?» Neno lake liandikwe kama lilivyotoka. Akisema «alinitazama usoni», msiligeuze kuwa «mawasiliano mazuri».