Karakana ya useremala ndani ya banda la gari: nafasi hii niipangeje?

Mwalimu wa Tanga ameuliza:

Wakubwa wangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Ninaishi Tanga mjini, na baada ya miaka mingi ya kufundisha nimerudia kazi niliyoianza utotoni kwa marehemu baba yangu, nayo ni useremala. Sina nia ya kufungua biashara. Ninataka kutengeneza kabati za jikoni kwetu, vitanda vya wajukuu, na meza moja ya mninga itakayobaki katika familia siku ambazo mimi sitakuwepo.

Mahali pekee nilipo napo ni banda la gari. Lina upana wa mita 3.2 na urefu wa mita 5.8, sakafu ya saruji, mlango wa mita 2.4 unaoelekea uani, dirisha dogo katika ukuta wa nyuma, na soketi moja tu. Gari la mke wangu hulala humo kila usiku na hilo halina mjadala, kwa hiyo kila nilichokitandaza mchana ni lazima jioni kiwe kimeondoka njiani. Nina msumeno wa meza, mashine ndogo ya randa, drili, na benchi la mvule la urefu wa mita 2 ambalo baba alilitumia maisha yake yote.

Nimekwisha kuvipanga vitu hivi mara mbili, na mara zote mbili nilijikuta ninapoteza nusu ya asubuhi kuhamisha kimoja ili nikifikie kingine. Zaidi ya hapo, juma lililopita nilikuwa ninapasua plaiwudi nzima ya futi 8 kwa 4 nikiwa peke yangu. Ncha yake ya mbele ikagonga ukuta, ikapinda, na msumeno ukairudisha kwa nguvu hadi ikanipiga ubavuni. Sikuvunjika kitu, lakini tangu siku hiyo ninauogopa msumeno huo. Ninaomba ushauri wa watu waliofanya kazi katika nafasi kama hii: niipangeje ili kazi iende na mwili ubaki salama?

Fundi Mzee wa Keko amejibu:

Marahaba Mwalimu, na pole sana kwa pigo hilo. Nimefanya kazi Keko, Dar es Salaam, kwa zaidi ya miaka thelathini, na kibanda changu cha kwanza kilikuwa kidogo kuliko banda lako, kwa hiyo ninayoyasema nimeyapitia.

Nianze na plaiwudi, kwa sababu ndiyo iliyokuumiza. Ubao huo una urefu wa mita 2.44. Ili upite wote kwenye msumeno wa meza unahitaji mita 2.44 kabla ya diski na mita 2.44 nyingine baada yake, ambazo jumla yake ni karibu mita 5, na bado hatujahesabu mahali utakaposimama wewe. Banda lako lina mita 5.8. Hata hesabu ikikubali, plaiwudi nzima ya unene wa milimita 18 ni mzigo mzito ambao mtu mmoja hawezi kuusukuma huku akiulinda usipinde, na ubao ukipinda kidogo tu ukaibana diski, meno ya nyuma yanayopanda juu yanaunyanyua na kuurusha kwa aliyesimama mbele yake. Kwa hiyo plaiwudi nzima usiipeleke tena kwenye meza. Ilaze chini uani juu ya vipande vinne au vitano vya mbao za paini vyenye unene unaolingana, funga ubao ulionyooka juu yake kwa klampu mbili uwe mwongozo, kisha ipasue kwa msumeno wa duara wa kushika mkononi, ukiwa umeiteremsha diski ipite unene wa plaiwudi kwa milimita chache tu. Kata vipande vikubwa kuliko kipimo kwa sentimita moja, uviingize ndani, na hapo ndipo msumeno wa meza uvinyooshe. Nasikitika kila ninapoona kijana ananunua msumeno mkubwa wa meza kabla hajawa na ule wa mkononi, maana katika nafasi ndogo ule mdogo ndio unaofungua njia.

Hebu pia uangalie nyuma ya diski kama lile bamba jembamba la chuma linalosimama kufuatana nayo bado lipo. Mafundi wengi hulitoa wakidhani linawasumbua, ilhali kazi yake ni kuzuia mbao zisijifunge na kuibana diski. Kama limetolewa, lirudishe kabla hujawasha mashine tena, na ukisukuma mbao usisimame katika mstari wa diski. Simama kando kidogo.

Sasa mpangilio. Wengi huona kwamba karakana ndogo inakosa ukuta, nami ninaona kwamba inakosa sakafu. Sakafu ya katikati ndiyo inayofanya kazi, na kila kitu kilichosimama hapo bila magurudumu kinakuibia. Benchi la baba yako liweke kwenye ukuta wa nyuma chini ya dirisha na lisihame tena. Ikiwa gari lina urefu wa mita 4.3, nyuma inabaki mita 1.5, benchi likichukua sentimita 65, una sentimita 85 za kusimama hata gari likiwa ndani. Maana yake ni kwamba usiku unaweza kuchonga viungo kwa patasi, kunoa randa au kupima bila kulisogeza gari, na kwa seremala wa nyumbani saa hizo za usiku ni nyingi.

Upana wa ukuta huo unaobaki, yaani mita 1.2, ndiyo maegesho ya msumeno wa meza ukiwa juu ya sanduku lenye magurudumu manne yenye breki. Mashine ya randa ilale chini ya benchi, nayo juu ya magurudumu. Mchana gari likitoka, unauvuta msumeno hadi katikati, wewe unaupa mgongo ukuta wa nyuma, na mbao zinatokea upande wa mlangoni. Mlango ukiwa wazi ubao mrefu unaweza kutokeza uani bila kugusa kitu. Siri iliyopo ni kimo: uso wa msumeno uwe juu ya uso wa benchi kwa milimita 5 hivi, ili mkia wa ubao mrefu uanze safari yake juu ya benchi na uteleze bila kukwama. Mbele ya msumeno weka meza nyepesi ya kukunja yenye kimo kama cha benchi.

Ukuta wa kushoto ni upande wa abiria, kwa sababu dereva wetu hukaa kulia. Abiria akishuka nje kabla gari halijaingia, ukuta huo wote ni wako. Juu ya kimo cha gari funga mikono ya chuma kwa bolti zinazotanuka ndani ya tofali, uhifadhi mbao ndefu hapo. Chini yake usiweke rafu pana. Sentimita 20 zinatosha kwa gundi, misumari, skrubu na msasa. Zana za mkono usizifungie kabatini. Pasua ubao mmoja kwa urefu ukiwa umeilaza diski kwa nyuzi 45, nusu moja uifunge ukutani mshazari wake ukitazama juu na kuelekea ukutani, nusu nyingine uifunge nyuma ya kila kishikio cha zana ikitazama chini. Kishikio kinakaa kwa uzito wake, na ukitaka kukihamisha unakinyanyua tu.

FundiUmeme wa Morogoro ameandika:

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mzee wa Keko. Kazi yangu ni kufunga nyaya majumbani, na ninaomba niongeze yale ambayo mara nyingi hukumbukwa baada ya soketi kuungua.

Soketi yetu ya kawaida ni ya ampea 13, ambazo kwa volti 230 ni wati 2,990. Msumeno wa wati 1,800 pamoja na mashine ya kunyonya vumbi ya wati 1,200 vikichomekwa hapo kwa pamoja, umeshafika ukingoni, na mota inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya kiwango kilichoandikwa juu yake. Mwite fundi mwenye leseni akuvutie waya wa milimita za mraba 2.5 moja kwa moja kutoka kwenye boksi kuu, wenye swichi yake ya kinga, waya wa kutuliza umeme ardhini, na kifaa cha kukata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Kifaa hicho, Mwalimu, usikubali kikosekane, kwa sababu unasimama juu ya saruji ambayo siku za mvua huwa na unyevu. Soketi zifungwe juu ya benchi, kwenye kimo cha mita 1.1 hivi, ili mbao zikiegemea ukuta zisizizibe. Ukilazimika kutumia waya wa kuongezea uliozungushwa kwenye gurudumu lake, ufungue wote, maana ukibaki umezungushwa hujipasha moto hadi plastiki inayeyuka. Na jioni umeme ukipungua nguvu hadi taa zinafifia, zima mashine. Mota inayosumbuka na volti ndogo huvuta mkondo mkubwa na kuungua.

La pili ni vumbi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua. Maranda makubwa yanayoanguka chini hayana madhara makubwa; vumbi laini la msasa, lile linaloelea kwenye mwanga wa dirisha, ndilo linaloingia mapafuni. Kazi ya msasa ifanyie uani, vaa barakoa ya FFP2, ile inayochuja vumbi laini, na ndani ufyonze badala ya kufagia.

Usikate chuma kwa grenda ndani ya banda hilo hata siku moja, kwa kuwa cheche moja inaweza kufuka ndani ya unga wa mbao kwa saa kadhaa kabla moto haujaonekana, na humo mna gari lenye petroli. Matambara uliyopakia mafuta ya kitani pia hujipasha moto yenyewe yakikunjwa pamoja. Yatandaze uani yakauke au yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Mtu wa Mvita ameandika:

Mwalimu, salamu kutoka Mombasa. Sisi na nyinyi wa Tanga tunavuta hewa moja ya bahari, na hewa hiyo haina huruma kwa chuma wala kwa mbao.

Uso wa msumeno na randa zako uvipake nta ya mishumaa au mafuta ya cherehani kila unapomaliza kazi, na patasi uzifunge kwa kitambaa chenye mafuta. Mbao zisiguse saruji: saruji hunyonya maji kutoka chini, na mchwa hupanda kupitia ufa ambao hutauona. Mninga wa ile meza, ikiwa umenunuliwa sehemu kavu za bara, uulaze kwenye ile mikono ya chuma ukiwa na vijiti kati ya ubao na ubao kwa wiki kadhaa kabla ya kuupiga randa. Mbao hutanuka kwa upana, na kwa urefu ni kidogo mno, kwa hiyo uso wa meza usiukaze kwa skrubu zisizo na nafasi. Tundu za skrubu zifanye ndefu kuelekea upana, la sivyo masika yajayo uso utavimba na kujipinda, na moyo utakuuma.

Mwalimu wa Tanga amejibu:

Nawashukuru kwa dhati, na marahaba binti yangu wa Morogoro. Fundi wa umeme atakuja Jumamosi, na lile bamba la nyuma ya diski nimelikuta ndani ya kopo la misumari. Limebaki jambo moja, Mzee: benchi la baba lina kimo cha sentimita 81 na msumeno wangu una sentimita 90. Je, nilinyanyue benchi kwa magogo?

Fundi Mzee wa Keko amejibu:

Usiliguse benchi, Mwalimu. Sentimita 81 ni kimo cha mtu wa randa, ambaye huisukuma kwa uzito wa mwili na si kwa mabega, na bila shaka baba yako alilipima kwa makusudi. Uondoe msumeno kwenye miguu yake ya sasa, uutengenezee sanduku jipya la plaiwudi ambalo, pamoja na magurudumu, litaufikisha sentimita 81.5. Ila magurudumu yanunue kwanza ndipo ukate sanduku. Kisha, kwa kuwa sakafu za mabanda mengi huinamishwa kuelekea mlangoni ili maji yatoke, kimo hicho kipime pale katikati msumeno utakapofanyia kazi, wala si pale ukutani utakapolala.