Testi inafeli kwenye Windows tu: muda wa kuunda na wa kubadilisha unalingana

Tukuyu_dev
Wakuu, habari zenu. Kuna mfumo wa kupokea parachichi, Rungwe. Testi (msimbo unaojaribu mfumo) inahifadhi kreti moja, inarekebisha uzito kutoka kilo 20.0 kwenda 19.4, kisha inadai `imebadilishwa > imeundwa`. Python 3.11. Kwenye seva ya Linux inapita siku zote, kwenye laptopu ya Windows nyakati zote mbili zinafanana hadi tarakimu ya mwisho. Nikachomeka `time.sleep(0.01)` katikati, bado inafeli kama mara moja kati ya tatu. Niweke sekunde nzima? Testi ziko 400. Ile ya SMS kwa mkulima nayo ina `sleep(2)` na seva ikilemewa inaanguka.

mzee_wa_logi
Usiongeze, mkuu. Endesha `time.get_clock_info('time').resolution`, itakujibu 0.015625. Saa hiyo haitiririki, inaruka mara 64 kwa sekunde. Ukilala milisekunde 10 ndani ya hatua ya 15.6, kuna asilimia 36 hivi ya kuamka kabla saa haijaruka. Ndiyo moja kati ya tatu yako. Kabla ya 3.11 usingewahi kuiona, maana `sleep` ya Windows nayo ilifuata hatua hizohizo. Sasa usingizi umekuwa makini kuliko saa!

Python 3.13 imeipa `time.time()` usahihi wa mikrosekunde 1, ila usikimbilie huko. Hiyo ni saa ya ukutani, NTP (huduma ya kusawazisha saa kwa mtandao) ikiirekebisha inaweza kurudi nyuma. Funksheni yako iipokee saa kama kigezo:

`def rekebisha(kreti, uzito, sasa=time.time)`

Ndani yake ita `sasa()`. Kwenye testi mpe `lambda: 1000.0` wakati wa kuunda, `lambda: 1001.0` wakati wa kurekebisha. Hakuna kulala hata kidogo. Na kama mfumo unapanga kreti kwa muda peke yake, ongeza namba ya mfuatano, la sivyo kreti mbili zitagongana hata kazini.

Kihesa_juu
Kwenye SMS, uliza kila sekunde 0.05 kama imetoka, ukomo sekunde 10, ukipima kwa `time.monotonic()`, saa isiyorudi nyuma. Ikitoka mapema testi inaendelea, zile 10 unazilipa inapofeli tu. Usidai kamwe kwamba jambo limeisha *chini ya* sekunde 0.1: `sleep` inaahidi usiamke mapema, haiahidi usichelewe.

Tukuyu_dev
0.015625 kweli, shukrani. Na ripoti ya siku je? Inafeli ikiendeshwa kati ya saa 6 na saa 9 usiku tu.

mzee_wa_logi
Masaa matatu hayo ni tofauti yetu na UTC (saa ya kimataifa) inayofuatwa na seva, ndugu. Kwetu tarehe imeshageuka, kwenye seva bado jana. Tumia `datetime.now(ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam"))`, na kwenye Windows sakinisha `tzdata` (kifurushi cha kanda za saa) kwanza, bila hiyo `ZoneInfo` haitalipata hilo jina.